Mama Alikuwa Anasubiri Jeti

Alhamisi, Pasiansi, Mwanza. Mvua ya vuli imeanza tangu alfajiri na mpaka sasa haijaamua kama inanyesha au inaacha. Ziwa halionekani, kuna weupe tu upande lilipo. Nguo nilizoanika juzi bado mbichi.

Sijisikii kuandika leo. Lakini nikilala bila kuandika nitaamka nayo yote kifuani, kwa hiyo naandika.

Nimekuwa na vikao viwili. Asubuhi nilisimama mbele ya wakurugenzi wa kampuni yetu kuwaeleza tofauti ya ndege za pangaboi na ndege za jeti. Mchana nilikaa mbele ya daktari kusikiliza majibu ya mama. Cha asubuhi kilikwenda vizuri mpaka nikapongezwa. Cha mchana nitakifikia, nikipata nguvu.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi si rubani wala mhudumu wa ndani ya ndege, ingawa ndugu zangu kijijini hawajakubali mpaka leo na kila Krismasi wananiuliza kama nimeshapewa sare. Nakaa ofisini, karibu na uwanja, napiga hesabu za safari. Ndege ikienda Bukoba ikarudi, mimi ndiye ninayejua imekula mafuta kiasi gani, tairi zimelika vipi, na injini imebakiza muda gani kabla mafundi hawajaifungua. Kampuni ni ndogo. Ina ndege mbili, zote za pangaboi, yaani zile zenye mapanga yanayozunguka nje kwenye mbawa. Vitabuni zinaitwa turboprop, lakini sijawahi kumsikia abiria wa Kanda ya Ziwa akilitamka neno hilo akiwa na tiketi mkononi.

Kikao kilihusu ndege ya tatu. Mmoja wa wakurugenzi, mzee wa Sengerema aliyetajirika kwa pamba na sasa ana hisa kwetu, anataka tununue jeti ndogo iliyotumika. Hoja yake ni moja tu na hachoki kuirudia, kwamba abiria wanadharau pangaboi.

"Mtu akilipa nauli yake anataka apande ndege, sio feni," alisema, na chumba kizima kikacheka.

Nilicheka pia. Utani huo nimeutumia maisha yangu yote ya kazi.

Ilipofika zamu yangu niliwaambia kwanza jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba kwa ndani injini hizo ni ndugu. Zote zinavuta hewa, zinaichoma pamoja na mafuta, na nguvu ya ule moto inazungusha magurudumu ya chuma humo ndani. Jeti inaisukuma hewa nyuma kwa kasi nayo ndege inakwenda mbele. Pangaboi linaitumia nguvu ile ile kuzungusha panga la nje. Baada ya hapo swali ni moja, unakwenda wapi.

Jeti inapenda juu na mbali. Huko juu hewa ni nyepesi na ndiko inakokula mafuta kwa adabu. Sasa kati ya Mwanza na Bukoba unapaa, unagawiwa maji, unashuka. Jeti haijafika inakopenda tayari inaambiwa irudi chini, imelipia kupanda na haikufaidi kuwa juu. Pangaboi linakwenda taratibu kidogo na haliendi juu sana, lakini kwenye safari fupi kama hizo linakula mafuta kidogo, kwa tofauti ambayo hakuna mhasibu atakayeifumbia macho. Breki na tairi vivyo hivyo.

Upande wa pili sikuwaficha. Lile panga na gia zake vinataka fundi wake na vipuri vyake. Na njia ya Dar ikijaa abiria, jeti inakwenda na kurudi mara nyingi zaidi kwa siku, hapo hesabu inaweza kugeuka. Lakini sisi hatuishi kwa njia ya Dar. Tunaishi kwa viwanja vifupi vya kando ya ziwa, ambako jeti nyingi hata zikitaka kutua hazina pa kusimamia.

Mzee wa Sengerema akauliza lile ambalo lazima liulizwe. "Na usalama? Tusidanganyane, binti yangu."

Nikamjibu ninavyojua. Ukizichukua ajali za dunia nzima ukazipanga mezani, jeti zinaonekana safi zaidi. Lakini kulinganisha hivyo ni kama kulinganisha hospitali ya rufaa na zahanati. Kwenye rufaa wanafariki watu wengi zaidi, na hakuna anayesema kwamba zahanati ina madaktari bora. Rufaa imepelekewa wagonjwa wagumu. Mapangaboi nayo yanapelekwa kwenye viwanja vifupi, kwenye mawingu ya chini, na yanapaa na kutua tangu asubuhi hadi jioni, na hatari ya ndege iko zaidi kwenye kupaa na kutua. Zote zimeundwa kuweza kuruka kwa injini moja ikibidi. Kinachomfikisha abiria ni rubani aliyelala vizuri, fundi asiyeruka hatua, na mtu mwenye uthubutu wa kusema hali ya hewa imekataa, tunarudi.

Wakakubali. Tutatafuta pangaboi la tatu. Mzee alinishika mkono mlangoni akasema, "Leo umeeleza mpaka mimi nimeelewa."

Nikaenda chooni nikalia.

Kwa sababu maneno hayo hayo, na mfano huo huo wa rufaa na zahanati, nimemwambia mama yangu kwa simu tangu masika. Hayakumsaidia hata kidogo. Wanasema mganga hajigangi, na mimi nilidhani ni methali ya waganga.

Mama anaishi Kemondo, upande wa pili wa ziwa, karibu na Bukoba. Si Mhaya. Ni Mjita wa Mara aliyeolewa na Mhaya, na kwa kuwa baba hakuwahi kujua Kijita na mama Kihaya chake kilichekwa na mawifi, nyumbani kwetu tulikubaliana Kiswahili. Ndicho nilichonyonya. Ndicho tunachoongea mpaka leo, na leo nimekikasirikia.

Uvimbe ulianza kwenye titi. Aliuficha, kama wanavyoficha, mpaka alipoanza kusikia mgongo unamuuma pia. Bukoba walimpima wakasema aje Mwanza haraka, huku ndiko kwenye vipimo na mionzi. Ilikuwa masika. Barabara zilikuwa zimelowa na migomba ilikuwa imenenepa, na mimi nilikata tiketi siku ile ile, kwa punguzo la wafanyakazi, nikaona nimeshamaliza kazi yangu ya mtoto.

Mama akakataa.

Basi lisingewezekana, kuzunguka lile ziwa kutwa nzima mgongo wake usingekubali. Meli inatia nanga hapo hapo Kemondo, karibu na anakonunulia samaki, lakini meli aliapa kutoipanda tangu ile ya miaka ya tisini ilipozama na watu, na mtu wa ziwa hahitaji kuambiwa zaidi. Ilibaki ndege. Na ndege aliikubali. Alichokataa ni pangaboi.

"Nitapanda jeti," aliniambia. "Nimesikia uwanja wa Bukoba utapanuliwa, jeti zitakuja."

Nilimweleza kwamba maneno ya kupanua viwanja nimeyasikia tangu niajiriwe, na kwamba uvimbe hausubiri lami. Akauliza, "Kwani hao wakubwa wakienda Dar wanapanda lipi?" Nikasema mara nyingi jeti. Akasema, "Basi." Nikamweleza kwamba hiyo ni sababu ya umbali, si sababu ya ukubwa wao. Akasema, "Ndio, mwanangu," kwa ile sauti ya mtu anayekusubiri umalize.

Mimi nikajua anachoogopa. Au nilidhani najua. Ipo siku ndege ilipotumbukia ziwani, siku ambayo sisi wa Kagera hatuizungumzii kwa sauti, na kila mmoja anakumbuka alikuwa wapi habari zilipomfikia. Nikasema moyoni ni hiyo, na nani angemlaumu. Kwa hiyo kila nilipompigia nilipigana na siku ile. Nilimletea injini, marubani, mafundi, njia za kurukia. Nilimletea kila nilichowaambia wakurugenzi leo, na kwa upole zaidi.

Kuna simu moja ambayo tangu wiki iliyopita naisikia kichwani neno kwa neno. Nilikuwa ofisini, nje mvua. Mama aliniuliza:

"Na umeme je? Umeme wa huku kwetu unaujua mwenyewe."

Nikafurahi, kwa sababu hilo nilikuwa na jibu lake. Ziwa letu lina radi kuliko mahali pengi na abiria wengi huuliza.

"Naujua, mama. Lakini marubani wanapata taarifa mapema, wanajipanga. Na hata ukija hauna shida, unapita mara moja tu. Kufumba na kufumbua umeshaondoka."

"Umeshaondoka," akarudia.

"Ndio. Hauwezi kukaa kwenye ndege."

Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Acha basi nisubiri jeti."

Nilikata simu nikamlalamikia mwenzangu wa meza ya pili kwamba wazee ni wabishi. Akasema hata wa kwake.

Masika yakaisha. Kiangazi kikaja, kahawa ikavunwa, mama akapungua. Kaka yangu wa Dar alisema tumlazimishe. Mimi nikasema hapana, mama ni mtu mzima, ana haki ya kuogopa. Nililisema kwa fahari, kama mtu aliyesoma. Kwa kweli nilikuwa nimechoka pia, na siku nyingine nilijikuta naona aibu mbele ya wenzangu: mtu wa ndege, mama yake haipandi ndege ya kampuni yake mwenyewe.

Wiki iliyopita akapiga simu mwenyewe. Akasema, "Njoo unichukue. Na hilo pangaboi lako."

Hakuwa ameelewa chochote. Maumivu yalikuwa yamezidi woga, basi.

Nilikwenda Bukoba kwa ndege ya asubuhi ili nirudi naye kwa hiyo hiyo. Nilimkuta ameshafika uwanjani na jirani, amevaa kitenge cha kanisani, amekonda mpaka nikapitisha macho bila kumtambua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndio hilo?" akauliza, akiangalia ndege kwa nje. Mapanga yalikuwa yamesimama. Aliyaangalia kama unavyomwangalia mbwa wa mtu.

Tulikaa safu ya mbele ya panga, yeye dirishani kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Alisema akifa afe anaona. Mkono wangu aliushika tangu mlango haujafungwa. Sasa, ndege yetu ikiwa chini inachukua umeme wa mashine ya nje, na injini zikishakaa sawa inahamia kwenye umeme wake yenyewe. Pale inapohama, taa za ndani huzimika kidogo na kurudi. Mimi siku hizi hata sizioni. Zilizimika, na mama akanibana mkono mpaka pete ikaniumiza.

"Umekatika," akasema. "Kemi, umeme umekatika."

Alikuwa ameligeukia panga. Alilitazama akisubiri lipunguze mwendo. Halikupunguza. Liliongeza, mpaka likawa halionekani tena, ni duara la ukungu tu.

"Mbona bado linazunguka?"

"Halizunguki kwa umeme, mama. Linazunguka kwa mafuta."

"Mafuta gani?"

Na mimi, ambaye mshahara wangu wote unatokana na kuhesabu mafuta hayo, nikatafuta neno ambalo angelijua. "Kama mafuta ya taa. Yamesafishwa zaidi tu, lakini ni ndugu wa mafuta ya taa."

"Haya haya ya kibatari?"

"Hayo hayo."

Akaniachia mkono. Akalegea kwenye kiti. Ndege ikaanza kukimbia, ikapaa, tukawa juu ya maji.

"Mbona hukuniambia?" mama akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Akanieleza, taratibu, kama anayemweleza mtoto. Pangaboi analolijua yeye ni lile la kanisani kwao, linaloning'inia juu ya kwaya. Umeme ukikatika katikati ya mahubiri linapunguza, linapunguza, waumini wote wanaliangalia, linasimama, na watu wanaanza kujipepea kwa vitabu vya tenzi. Kila Jumapili analiona. Mimi binti yake, niliyesoma, ninayefanya kazi kwenye ndege zenyewe, kwa miaka nimekuwa nikimwambia kwa simu kwamba ndege zetu ni mapangaboi. Aliponiuliza habari za umeme, alikuwa na maana ukikatika juu ya ziwa itakuwaje. Nikamjibu kwamba marubani wanapewa taarifa mapema, naye akaelewa ni kama tangazo la mgawo wa umeme. Nikamwambia umeme huo haukai kwenye ndege, kufumba na kufumbua umeshaondoka.

"Nikasema huyu mtoto hana akili," mama alisema. "Umeme haukai, na anataka nipande."

Jeti alikuwa akiitaka kwa sababu haina panga. Kisicho na panga hakina cha kusimama.

Alicheka. Kwenye kile kiti, na lile titi, alicheka mpaka akakohoa, na mhudumu akaja na maji. Kisha akaanza kuniulizia visiwa. Kile ni Maisome? Kile ni Kome? Aliona mitumbwi midogo huko chini akasema inaonekana kama dagaa kwenye mkeka. Tulipoanza kushuka Mwanza na ndege ikatikisika kidogo juu ya mawe, hata hakunigeukia. Alisema tu, "Safari yenyewe hii. Ningeshakuja na kurudi mara ngapi."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu masika mpaka vuli.

Miezi yote nilikuwa nikijibu swali ambalo hakuuliza. Aliniuliza swali la akili kabisa, kwa mtu anayekijua kile anachokijua yeye. Kuuliza si ujinga, tuliimbishwa darasani. Hakuna aliyetuimbisha kuhusu anayejibu. Ningemwuliza tu, mara moja, umeme upi mama? Maneno matatu. Nilikuwa na haraka ya kuwa mjuzi.

Sasa cha mchana.

Daktari ni dada mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Kwa desturi ya hapa ndugu huitwa kwanza, kwa hiyo mama alibaki kwenye benchi nje na mfuko wake wa maandazi, akimsimulia mgonjwa mwenzake habari za ndege. Nilimsikia kupitia mlango mpaka ulipofungwa.

Daktari alinionyesha picha. Titi, kwapa, halafu mgongo. Akasema mionzi watampa, itapunguza maumivu ya mgongo, na dawa zipo za kumfanya alale vizuri.

"Na kupona?" nikauliza.

"Dada, angekuja alipoandikiwa rufaa tungekuwa na mazungumzo mengine. Ugonjwa ulikuwa bado haujafika mgongoni kwa kiasi hiki." Akaangalia ile rufaa ya Bukoba, akaniangalia mimi. "Mlikuwa mnatumia dawa za kienyeji kwanza?"

"Hapana."

"Nauli?"

"Hapana. Alikuwa anasubiri jeti."

Nilitaka anikasirikie. Alinisogezea tu boksi la tishu akasema kila mtu anayekaa kwenye kiti kile ana kitu alichokuwa anakisubiri.

Nimekuwa nikijiambia kwamba daktari alisema angekuja mapema mambo yangekuwa mengine. Yeye alisema mazungumzo mengine. Hakuahidi kwamba angepona. Najaribu kulishika hilo, na kila nikilishika linateleza. Kazini sikubali hesabu ya namna hiyo. Gharama ya kuchelewa lazima iandikwe mahali, na iwe na mwenyewe.

Mwenyewe ni mimi.

Tulirudi nyumbani kwa bajaji, plastiki zimeshushwa pande zote, mvua inapiga. Mama hakuniuliza kitu. Alisema tu barabara ya Pasiansi imekuwa nzuri. Mimi nilikuwa nimejipanga kumwambia tukifika. Tulipofika nikasema acha ale kwanza. Nikapika ndizi na sato. Alipokula nikasema acha apumzike. Alipopumzika nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kuna mambo mawili ya kumwambia na sikujua nianze na lipi: kwamba ugonjwa umekwenda mbali, na kwamba umekwenda mbali wakati mimi namweleza habari za radi.

Ndege yetu ya jioni ilipita juu ya bati ikitoka Bukoba. Mama alikuwa kwenye kiti cha sebuleni, blanketi miguuni. Alinyanyua uso, akaisikiliza mpaka ikaisha.

"Naomba simu yako," akasema. "Yangu haina salio. Nitafutie Ma Justa."

Ma Justa ni jirani yake Kemondo, ndiye aliyemsindikiza mpaka uwanjani siku ile. Nilimpigia, nikampa mama simu, nikarudi mlangoni pa jikoni. Mama aliongea Kihaya chake kile kile kinachochekwa, kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea wote wakijua mtu yuko mbali. Mwanzoni ni salamu, za watoto, za kuku, za mvua. Kisha akashusha sauti kidogo, na mimi Kihaya cha baba nakielewa hata kama sikijibu vizuri.

Alisema: "Lile lako la kwenye titi bado lipo?"

Nilisimama na sufuria mkononi. Sikuwa najua. Miezi yote ile kule Kemondo walikuwa wawili.

Alimsikiliza. Akasema, "Ndio, najua tulikubaliana tungoje. Sikiliza. Ni mafuta ya taa. Ee, panga linazunguka kwa mafuta ya taa, halisimami. Nimekaa nalo dirishani nikaliona kwa macho yangu. Linatikisika kama gari la Muleba, basi, hakuna kingine." Akacheka kidogo. Akasikiliza tena, safari hii kwa muda.

Kisha akasema, kwa utulivu kabisa, kama anayeagiza chumvi dukani:

"Mimi nimechelewa, Ma Justa. Mtoto hajaniambia, anaogopa, lakini nimeiona sura yake ilivyotoka mle kwa daktari. Wewe usinisubiri nirudi. Njoo wiki hii. Kemi atakukatia tiketi."

Akakata, akaiweka simu kwenye mkono wa kiti, akaniita niizime taa ya nje, inamaliza umeme bure.

Nimeizima. Tiketi ya Ma Justa nimeshaikata, ni ya Jumamosi. Mama amelala chumba cha pili, namsikia anavyohema, na mvua bado.

Siku nzima nimekuwa nikitafuta namna ya kumwambia mama yangu jambo ambalo alikwisha kulijua kabla hatujapanda bajaji. Kesho sitamweleza chochote. Nitakaa karibu naye, na akiniuliza kitu, nitamuuliza kwanza ana maana gani.